Ebola kwenye mashimo: mwenye homa asipoteze kazi yake

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wa migodi, kila mara Ebola inapotokea katika inchi yetu, waganga wanapita na megafoni: munawe mikono, musiguse maiti, mwenye homa aende hospitali. Maneno hayo ni ya kweli, na sisi wa sindika tunayarudilia. Lakini kwenye migodi kuko jambo moja lenye halisemwi mingi. Mchimbaji anajua vizuri kama iko na homa. Anaificha, juu siku yenye hatashuka, watoto hawatakula, na kesho yake atakuta mtu mwingine katika fasi yake.

Tukumbuke Durba, kule Watsa, katika Haut-Uélé. Toka mwaka 1998 mpaka 2000, Marburg, ugonjwa ndugu ya Ebola, ilipiga kule. Wagonjwa walikuwa 154, na 128 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa vijana wachimba zahabu, na karibu wote hao walikuwa wanashuka chini ya udongo, kwenye popo wengi, katika mgodi wa Goroumbwa. Wagonjwa wenye hawakuwa wachimbaji, wengi wao walikuwa wamekaribia mgonjwa mwingine. Ni kusema, ugonjwa ulitoka shimoni na mwanaume, ukaingia nyumbani, ukamkuta mama mwenye kumwosha na kumlisha. Mganga mkubwa wa Watsa naye alikufa nao katika mwaka 1999. Kisha maji yakajaza mgodi, na ugonjwa ukasimama. Tusingojee maji yatufanyie kazi yetu.

Ebola haipiti kwa hewa kama mafua. Inapita katika damu, matapishi, kuhara, mate na jasho la mtu mwenye kugonjwa, ao la mwenye kufa nayo. Mtu mwenye hajaanza kugonjwa haambukizi. Sasa tuangalie kazi yetu. Tunashuka tukigusana mabega, tunapeana glavu na kofia zenye jasho, tunakunywa maji katika kopo moja, usiku tunalala watano chini ya bashi moja. Kama mmoja anashuka na homa ya Ebola, timu nzima iko hatarini.

Na mtego uko hapa: Ebola inaanza sawa malaria. Homa, kichwa, viungo, uchovu. Wengi wanangojea kuona damu ndipo waamini, lakini damu haitoki kwa kila mgonjwa, na ikitoka, mara nyingi wakati umekwisha kupita. Kwa hiyo, wakati Ebola iko karibu, homa yoyote ipimwe, hata kama tunafikiri ni malaria tu.

Ni hapa tunasema na wakubwa wa mashimo, wakubwa wa koperative, na makampuni. Mutu mwenye kusema "niko na homa" amelinda shimo lenu. Basi fasi yake ibaki yake mpaka arudi. Mwenye aligusana na mgonjwa anapashwa kufuatwa siku 21, anapimwa homa kila siku. Siku 21 bila posho, hakuna baba wa jamaa mwenye atakubali kukaa. Atakimbilia mgodi mwingine usiku, na ugonjwa utasafiri naye. Gunia la unga na maharagi kwa siku hizo ni bei kidogo kuliko kufunga mgodi. Na wachimbaji nasi tusingojee wakubwa peke yao: tunajua kufanya likelemba, basi kila timu iweke kidogo kidogo kwa ajili ya mwenzao mwenye kufuatwa.

Mengine ni rahisi. Pipa la maji na sabuni lisimame kwenye mdomo wa kila shimo na pale wamama wanapotwanga majiwe. Kila mtu na kopo lake, na glavu zake. Popo na nyama yenye tulikuta imekufa porini, tuviache. Kama mtu amekufa, tusimwoshe, tusimkumbatie. Tuite wenye kazi ya kuzika. Jamaa inaweza kusimama mbali kidogo, kuomba, na kuona fasi anazikwa. Hiyo nayo ni heshima.

Wengine wanasema: "Hospitali ya Ebola ni ya kwenda kufia." Toka 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, katika Nord-Kivu, Ituri na kidogo Sud-Kivu, Ebola ilishika watu 3 470, na 2 287 walikufa. Wengi walifichwa nyumbani, ao walifika wakiwa wamechelewa. Lakini ni katika siku zile dawa mbili zilionyesha nguvu. Moja ilitoka katika damu ya Mukongomani mwenye kupona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Profesa Muyembe ni mmoja wa wenye kuitafuta. Kati ya wenye kufika na virusi bado kidogo katika damu na kupata dawa hizo, karibu 9 juu ya 10 walipona. Watu zaidi ya 300 000 walipata chanjo. Dawa na chanjo hizo ni za Ebola ya aina ya Zaire, ile yenye inarudia mara nyingi kwetu.

Basi kuwahi ndiyo dawa ya kwanza. Wamama, baba akirudi na homa, musimfiche, musimwache ashuke asubuhi. Vijana, mwenzenu akipanda juu kwa homa, musimcheke, mulinde fasi yake. Na mukubwa wa shimo mwenye kumufukuza mutu juu ya homa, mutuletee habari. Hiyo ni kazi ya sindika, na tutaifanya.