Saa za Kivulini: Likizo ya Joto na Watoto Wadogo

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huanza mvua za deyr zikinyesha na kwisha kiangazi cha jilaal kikishashika. Kufikia Februari na Machi joto la mchana mjini Garissa hufika nyuzi 36 au 37 za selsiasi, na shule zinapofungwa tena Aprili ardhi bado haijapoa, watu wakitazama mawingu ya mvua za gu. Katika vipindi hivyo ndipo wazazi huniuliza sana: nifanye nini na hawa wadogo, wa miaka miwili hadi sita, ambao ndani hawataki kukaa na nje hakukaliki? Wengi huuliza kwa unyonge, wakiamini kwamba mtoto wa Nairobi ana bembea, bustani na vitabu vya picha, na wa kwao hana kitu.

Kazi yangu ni malezi na elimu ya watoto wa umri huo, na ninachowaambia ni hiki: zile saa ndefu za mchana ambazo familia nzima imejibanza kivulini ndizo zenye faida kubwa kwa akili ya mtoto, mradi mtu mzima aliye karibu azungumze naye na kumpa kitu cha kushika. Vitu vyenyewe vimo uani.

Kwanza jua lenyewe. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Ukilinganisha na uzito wake, ana ngozi nyingi inayopokea joto la hewa na la mchanga, jasho lake ni kidogo, na akikolewa na mchezo hakumbuki kiu. Kwa hiyo mbio zote zifanyike kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, au baada ya alasiri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu, za kumfanya aheme. Hesabu hiyo haitishi. Mtoto anayefungulia mbuzi alfajiri, akapelekea kuku maji kwa kikopo, akakimbizana na nduguye na jioni akacheza kati kwa mpira wa matambara, amekwisha kuifikia bila mtu kushika saa.

Kivuli nacho kinachaguliwa. Nyumba ya mabati mchana huwa tanuri, na mara nyingi chini ya mwarobaini ni afadhali kuliko ndani. Waliobahatika kuwa na herio, nyumba ya wafugaji ya miti na mikeka, wanajua inavyopitisha upepo. Kabla ya kutandika mkeka, piga jicho: nge na nyoka nao hutafuta ubaridi chini ya mitungi, kuni na magunia. Fagia miiba ya mti wa mathenge, kwa maana mwiba wake huingia ndani na jeraha likachelewa kupona.

Sasa mchezo wa vijiwe, ambao ningependa kila nyumba iujue. Okota vijiwe kama ishirini, vikubwa viwe ngamia na vidogo viwe mbuzi. Chora duara mchangani, hilo ni zizi. Watoto wa wafugaji hawahitaji kufundishwa mchezo huu, wanauzua wenyewe. Kazi ya mtu mzima ni kuuliza. “Ngamia wangapi wamelala zizini?” Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutaja namba hadi kumi kwa sauti ya kupendeza, na wazazi wakafurahi kwamba anajua hesabu. Lakini mwambie akupe ngamia wanne, huenda akakuchotea gao zima. Namba kwake bado ni maneno yanayofuatana. Kujua kwamba neno la mwisho alilolitaja ndilo jumla ya vitu vyote ni hatua nyingine, na watoto wengi huifikia wakiwa na miaka minne hivi. Hawaifikii kwa kukariri. Wanaifikia kwa kugusa kijiwe kimoja kwa neno moja, mara nyingi, na mtu akiwauliza “nipe watatu,” “sasa ongeza mmoja, wamekuwa wangapi?” Akikosea, hesabuni pamoja mkigusa, mwendelee. Usimcheke na usimharakishe.

Anapofika miaka mitano, mgeuzie mchezo. Mbuzi saba wamekwenda malishoni, watano wamerudi. Fisi amekula wangapi? Swali hilo linamgusa, kwa sababu nyumbani kwao limewahi kuulizwa kweli. Ni hesabu ileile atakayoikuta shuleni ikiwa imeandikwa kwa alama, na atakuwa ameshaielewa.

Kwenye mchanga huohuo kuna kusoma. Kila ukoo wa wafugaji una alama yake ya moto inayochomwa kwenye ngozi ya ngamia, na mtoto wa kambini huzijua alama hizo kabla hajaziona herufi. Mwambie awoowe, yaani babu, azichore kwa kijiti, ya kwao na za majirani, mtoto azitambue na kuziiga. Akijua kwamba mchoro ule unasema “huyu ni wetu,” ameshika jambo kubwa ambalo ndilo msingi wa kusoma: kwamba mstari unaweza kubeba maana. Sijaona kitabu cha picha kinachofunza hilo vizuri zaidi.

Kwa wale wa miaka sita kwenda juu kuna shax, mchezo wa bao wa Wasomali. Bao lake ni miraba mitatu iliyochorwa mmoja ndani ya mwingine, kila mchezaji ana kete kumi na mbili, na anayepanga tatu katika mstari humnyang'anya mwenzake kete. Wazee huicheza kwa utulivu mkubwa chini ya miti, na mtoto hawezi kuimudu yote. Mpe toleo dogo: mraba mmoja, kete tatu kila mmoja, atafute kupanga tatu. Hapo anajifunza kungoja zamu yake na kuwaza mwenzake atakwenda wapi kabla hajanyanyua mkono. Kungoja zamu ni kazi ngumu kwa ubongo wa umri huo, na mtoto aliyeizoea nyumbani hukaa vizuri darasani.

Vidole navyo vina mahitaji yao. Mwalimu wa chekechea hukutana na watoto ambao kalamu huwaponyoka, si kwa uzembe, ni kwa sababu misuli ya mkono haijakazwa. Udongo wa mfinyanzi, au ule wa kichuguu uliotwangwa na kuloweshwa, hukaza misuli hiyo kuliko daftari. Mtoto afinyange ngamia mwenye nundu, mbuzi, gari la maji la punda, kisha vikaushwe juani. Pembezoni mwa Tana kina mama husuka mikeka kwa makuti ya mkoma. Mpe mtoto vipande vitatu apindishe na kufungafunga tu, hata kama hakuna kitakachotokea. Na kuna wino. Wanafunzi wa duksi, yaani chuo cha Kurani, huandika kwenye mbao kwa wino wa mkaa. Mkaa uliosagwa vizuri, maji na utomvu kidogo wa mgunga vinatosha. Mpe mtoto kijiti na kipande cha katoni, achore atakacho. Kisha muulize amechora nini, na unyamaze umsikilize.

Hapo kwenye kuuliza na kusikiliza ndipo uzito wote wa makala hii ulipo. Ubongo wa mtoto katika miaka ya mwanzo hujijenga kwa mazungumzo ya kupokezana: mtoto anaonyesha kidole, mama anataja jina, mtoto anaongeza sauti, mama anaongeza sentensi. Mtoto asiyejibiwa hupunguza kuuliza. Ndiyo sababu naumia ninapoona simu ikitiwa mikononi mwa mtoto wa mwaka mmoja saa saba mchana ili atulie. Najua uchovu wa mama aliyeamka kabla ya alfajiri, na simlaumu. Lakini simu humsemesha mtoto bila kumsikia, na haimjibu alichouliza. Mwongozo uleule wa 2019 unashauri kwamba asiyetimiza miaka miwili asitazame skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Badala ya simu, mkalishe karibu unapochambua maharagwe. Mabovu huku, mazuri kule. Kutenga vitu kwa sifa zake ni somo, na kazi yako inasonga.

Maji huwafurahisha watoto kuliko kitu chochote katika joto hili, na ni haki mzazi ayaonee uchungu, hasa Wajir au Mandera ambako mtungi hununuliwa. Tumia maji yatakayokuwa na kazi nyingine baadaye, ya kunywesha mbuzi au kumwagilia mti, basi hakuna kilichopotea. Karai moja, vikopo viwili visivyolingana, kitambaa cha kukamua. Kikopo kirefu chembamba na kifupi kipana: kipi kinachukua maji mengi? Mtoto wa miaka minne atakuambia kirefu. Mwache amimine ajionee, hata ikimchukua siku nyingi kukubali. Ila usimwache peke yake hata kidogo. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, na ndoo ndiyo hatari zaidi kwa sababu akitumbukiza kichwa hawezi kujinasua. Mchezo ukiisha, maji yapelekwe kwenye kazi yake na karai libaki tupu. Mtoni asipelekwe kucheza. Tana ina mamba na kingo zake humomonyoka, na mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha jinsi maji yanavyofika hadi mlangoni. Laga, yaani mto wa msimu, iliyokauka inaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, mbingu ya kwenu ikiwa safi.

Kuhusu kiu: wape maji mara kwa mara bila kungoja waombe. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asipewe maji, hata jilaal iwe kali vipi. Maziwa ya mama yenyewe karibu asilimia 88 ni maji, basi anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mtoto yeyote akilegea, akawa na midomo mikavu, akalia bila machozi au asikojoe kwa saa nyingi, huo si uchovu wa kucheza. Mpeleke kituo cha afya.

Magharibi ikishapita, joto likipungua, ni zamu ya ayeeyo, yaani bibi. Hadithi za Dhegdheer mla watu zina hofu nyingi, na kwa wadogo sana ningechagua za fisi na mbweha. Simulia, kisha simama katikati. “Unadhani mbweha alifanya nini?” Kesho yake mtoto ndiye asimulie. Vitendawili navyo, na si lazima viwe vya zamani: “Nyumba yetu hupanda ngamia ikisafiri.” Mtoto aliyewahi kuona familia ikihama atapaza sauti “herio!” kabla hujamaliza. Kisha mwambie atege chake. Cha kwanza hakitakuwa na maana, mpe jibu la kukisia tu, na cha kumi kitakuwa nayo.

Wazazi hunisimamisha hapo: kwa lugha gani? Wanahofia kwamba Kisomali au Kiborana cha nyumbani, au Kimalakote cha kando ya mto, kitamchelewesha mtoto kushika Kiswahili na Kiingereza. Hakimcheleweshi. Mtoto huhamisha anachokijua, na anayejua kusimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho kwa lugha moja hahitaji kujifunza upya kusimulia, anahitaji maneno tu. Sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Zungumza naye kwa lugha unayoijua hasa, ile unayokasirikia, kubembelezea na kutania. Kama baba ana yake na mama ana yake, kila mmoja ashike yake.