Mapato ya Singo ya Kwanza ya George Harrison

Ndani ya Beatles, George Harrison alikuwa mpiga gitaa anayesubiri zamu. Nyimbo nyingi zilitungwa na John Lennon na Paul McCartney, na fedha za utunzi ziliwafuata wao. Kampuni iliyomiliki nyimbo hizo, Northern Songs, ilipoingia soko la hisa mwaka 1965, wawili hao walibaki na asilimia 15 kila mmoja. Harrison na mpiga ngoma Ringo Starr waligawana asilimia 1.6.

Ndiyo maana singo ya peke yake ina uzito kibiashara. Wimbo una mifuko miwili. Mmoja ni wa rekodi, ambao kampuni ya santuri huuchota kwanza. Wa pili ni mrabaha wa utunzi, unaoingia kila wimbo unapopigwa redioni au kurekodiwa na msanii mwingine. Harrison alikwisha kuanzisha kampuni yake, Harrisongs, kwa hiyo "My Sweet Lord" ilipotoka Marekani Novemba 1970 na kushika namba moja, mfuko huo wa pili ulikuwa wake. Hakuna mwenzake wa Beatles aliyewahi kufika kileleni peke yake kabla yake.

Mfuko ukiwa wako, na mashtaka ni yako. Bright Tunes, wamiliki wa "He's So Fine" iliyoimbwa na kundi la Chiffons mwaka 1963, walimpeleka mahakamani New York. Mwaka 1976 Jaji Richard Owen aliamua kwamba Harrison alinakili melodi ile bila kujitambua. Kutokusudia hakukumwokoa: mapato ya wimbo yalikadiriwa kuwa dola milioni 2.13, na robo tatu yake, karibu milioni 1.6, ikahesabiwa kuwa imetokana na melodi ya Chiffons.

Kinachoniuma zaidi ni nafasi ya meneja. Allen Klein, aliyemsimamia Harrison kesi ilipoanza, aliachana naye, kisha mwaka 1978 akainunua haki ya Bright Tunes, pamoja na dai lenyewe, kwa dola 587,000. Meneja anayejua vitabu vya msanii kisha akakaa upande wa mdai ni hatari kuliko mshindani yeyote sokoni. Mahakama iliona hivyo pia: mwaka 1981 ilimzuia Klein asipate faida, ikaamuru Harrison amlipe kiasi kilekile alichonunulia, naye akabidhiwe haki za "He's So Fine". Mabishano juu ya utekelezaji wa hukumu hiyo yaliendelea hadi miaka ya 1990.