Drifti, na Gari Lisilo na Dereva

Vijana wa Misungwi huniuliza maana ya drifti wanayoitazama kwenye filamu za magari. Ni ufundi uliostawi Japani tangu miaka ya 1970: dereva hufanya kusudi magurudumu ya nyuma yapoteze mshiko, gari likaserereka kiubavu kwenye kona, naye huliongoza kwa kukata usukani upande wa pili. Dereva huyo yu macho kuliko sisi sote.

Wodini tunaijua namna nyingine ya gari kuhama njia. Hutokea taratibu, kwenye lami kavu iliyonyooka, kama katika barabara ya Mwanza hadi Shinyanga inayopita Usagara na Misungwi mjini, wala haiachi alama ya breki. Dereva akizinduka husema, "Sikuona kitu." Ndugu wa marehemu humwita mwongo. Mimi mara nyingi humwamini. Ubongo ulionyimwa usingizi hujizima wenyewe kwa sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi, na mwenyewe asikumbuke lolote. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni takribani mita 89.

Kadiri tunavyokesha, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kuuvuta kwenye usingizi. Juu ya hilo, saa ya mwili hutulegeza mara mbili kwa siku: kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10. (Ugali wa mchana husingiziwa zaidi ya haki yake.) Aliyekaa macho saa 17 mfululizo hudhoofika kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu, ingawa kipimo cha askari hakitamkamata. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, jambo hili linamhusu kila abiria.

Kufungua dirisha au kupandisha sauti ya redio hakuliondoi deni la usingizi. Kahawa huizuia adenosini, lakini huhitaji kama nusu saa kufanya kazi. Kwa hiyo dereva aegeshe mahali salama, anywe, kisha alale dakika 20. Nawe abiria, ukiona gari linakanyaga mstari, likarudi, likaukanyaga tena, mwambie kondakta asimamishe gari, hata wenzako wakinung'unika kwamba watachelewa.