Jino la Mbele Halioti Mara ya Tatu

Nilivunja jino la mbele nikiwa na miaka 10, kwenye ukingo wa kisima. Meno yangu ya juu yalikuwa yametokeza, kwa hiyo nilipoanguka yakatangulia kufika. Mpaka leo nikicheka naziba mdomo kwa kiganja.

Binti yangu alipotimiza miaka 9 nikaona yale yale. Daktari wa meno akampima: meno ya juu yameyapita ya chini kwa milimita 10, wakati kawaida ni 2 au 3. Akasema taya la chini ndilo lililobaki nyuma.

Hakumfunga waya. Alimtengenezea vibao viwili vya plastiki ngumu, cha juu na cha chini, vyenye vinundu vya mteremko. Mtoto akifunga mdomo, miteremko inakutana na taya la chini linasogea mbele. Kifaa hiki alikibuni William Clark huko Uskoti mwaka 1977, kwa ajili ya mtoto wa daktari mwenzake aliyeanguka jino la mbele likang'oka. Niliposikia hivyo nilishika mdomo wangu.

Kinavaliwa usiku na mchana, hata wakati wa kula. Siku za mwanzo mate yalimlowesha mtandio. Madrasani, kila herufi ya sin ikatoka kama thaa. Mwalimu wake akamwambia, "Soma polepole, mwanangu, ulimi utazoea." Ukazoea. Lakini kuna usiku nilivikuta vibao chini ya mto, vimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari. Kifaa kilicho chini ya mto hakisogezi taya.

Daktari wetu hakuficha kitu. Watafiti waliwalinganisha watoto walioanza mapema na waliongoja hadi ujana, na mwishowe mataya na meno yao yakawa karibu sawa. Faida ya wazi ya kuanza mapema ni kwamba meno ya mbele huumia kwa wachache zaidi. Na wengi walioanza mapema huvaa waya pia wakishakua, yaani gharama mara mbili. Anayeweza kungoja, angoje bila hofu.

Ila mtazame mwanao akiwa ametulia mbele ya televisheni. Ukiona mdomo wa chini umejificha nyuma ya meno ya juu, tafadhali mpeleke kwa daktari wa meno kabla hajaanguka.