Kufundisha Juu ya Maji Yanayotumika Tena Viwandani

Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, somo la maji kwa kawaida hufundishwa kwa kueleza safari ya mvua, magonjwa yaletwayo na maji machafu, na wajibu wa kutunza vyanzo vya maji. Hayo yote ni ya lazima. Lakini mtoto wa leo anaishi katika nchi yenye viwanda vya nguo, vya sukari, vya saruji na vya vinywaji, na maji ya viwanda hivyo hutoka katika mito na visima vile vile tunavyovitegemea majumbani. Mwalimu asipoligusa jambo hili, mwanafunzi huondoka darasani na imani mbili zisizo za kweli: kwamba maji yakishapita kiwandani yamekwisha kazi yake, na kwamba maji yakiwa maangavu basi ni safi. Imani hii ya pili inaweza kumdhuru. Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kuzing'oa imani zote mbili kwa kutumia majaribio matatu na vifaa vinavyopatikana kijijini.

Maswali mawili ya kuongoza somo

Yafaa kuanza kwa kuwauliza wanafunzi: kiwanda kina haja gani na maji? Majibu yao yakusanywe ubaoni. Kiwanda hutumia maji kupooza mitambo, kutoa mvuke katika boila, kuosha, na kubeba vitu kama rangi ya nguo au nyuzi za karatasi. Mara nyingine maji huingia katika bidhaa yenyewe, kama soda. Ukiacha maji hayo yaingiayo katika bidhaa, na yale yapaayo kama mvuke, mengine yote hutoka tena. Ila hutoka yakiwa yamechukua kitu: joto, tope, rangi, mafuta au chumvi.

Hapo mwalimu aandike maswali mawili, na asiyafute mpaka mwisho wa somo. La kwanza: maji haya yamechukua nini? La pili: kazi inayofuata inataka maji ya namna gani? Ufundi wote wa kutumia maji tena viwandani ni kuyajibu maswali hayo mawili.

Jaribio la kwanza: joto

Mwalimu alete mtungi wa udongo na chupa ya kioo, vyote vimejazwa maji tangu jana yake na kuwekwa kivulini. Wanafunzi waguse na kulinganisha. Maji ya mtungini ni baridi zaidi kwa sababu machache hupenya katika vitundu vya udongo, hupaa, na yanapopaa huondoka na joto. Mnara wa kupoozea maji kiwandani hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Lita 1 ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kupooza zaidi ya lita 50 kwa digrii 10 za Sentigredi. Kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye mitambo yakiwa na joto hurudishwa kazini badala ya kumwagwa mtoni.

Hata hivyo, kinachopaa ni maji matupu. Chumvi zake hubaki. Zikizidi, hufanya ukoko mweupe kama ule uonekanao ndani ya birika, na ukoko huo huzuia joto kupita. Ndiyo sababu sehemu ya maji hayo humwagwa na mapya kuongezwa. Hapa ndipo kemia inapookoa maji: zipo dawa ambazo, zikitiwa kwa kiasi kidogo, huzuia fuwele za chokaa zisikue wala kushikamana na mabomba.

Jambo hili ni hesabu nzuri ya darasani. Tuseme mnara hupoteza lita 100 za mvuke kwa saa. Ikiwa chumvi inaruhusiwa kufikia mara 2 tu ya ilivyokuwa, mnara utahitaji lita 200 mpya: 100 zitapaa na 100 zitamwagwa. Ikiwa dawa inaruhusu mara 5, lita 125 zitatosha: 100 zitapaa na 25 zitamwagwa. Wanafunzi wahakikishe wenyewe kwamba chumvi ya lita 125, ikikusanyika katika lita 25, huwa mara 5.

Jaribio la pili: tope

Mwalimu ajaze vyombo viwili vya kioo maji ya tope, na katika kimoja atie shabu kidogo iliyosagwa. Akoroge kwa nguvu, kisha polepole, halafu aviache vyombo vitulie. Chembe za udongo zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo husukumana, na ndiyo maana hazitui upesi. Alumini iliyomo katika shabu huzituliza chaji hizo na kufanya mabonge mepesi yanayonasa chembe na kuzama nazo. Baada ya muda chombo chenye shabu kitakuwa kiangavu, na kile kingine kitabaki na weusi wake. Viwanda vingi huanza kusafisha maji yao kwa njia hii, na baadaye huyapitisha katika mchanga.

Jaribio la tatu: chumvi

Jaribio hili ndilo kiini cha somo, na lisiachwe kwa sababu ya kukosa muda. Mwalimu arudie jaribio la pili, safari hii akitia pia kijiko cha chumvi katika maji ya tope. Maji yatakuwa maangavu kama yale ya kwanza. Awaulize wanafunzi kama ni safi, na wengi watasema ndiyo. Kisha achukue kijiko kimoja cha maji hayo na kijiko kimoja cha maji ya mvua, avikaushe juu ya moto katika vifuniko viwili vya bati. Cha maji ya mvua hakitaacha karibu chochote. Cha pili kitaacha ukoko mweupe. Wanafunzi wasionje maji haya hata kidogo. Jicho na kifuniko vinatosha kuwa mashahidi.

Shabu na mchanga haviwezi kuondoa kitu kilichoyeyuka. Kazi hiyo yahitaji ufundi mwingine, nao ni utando. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walianza kutengeneza utando unaopitisha maji kwa wingi na kuzuia chumvi. Maji husukumwa kwa nguvu dhidi ya utando huo. Kwa maji ya bahari, nguvu hiyo lazima ipite mara 25 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Mwalimu asisahau kueleza kwamba chumvi haitoweki: hubaki upande wa pili katika maji makali yanayotaka kutupwa kwa uangalifu.

Mifano miwili ya kulinganisha

Mjini Durban, Afrika Kusini, mtambo uliofunguliwa mwaka 2001 ulijengwa uweze kutoa lita milioni 47.5 kwa siku kutokana na maji machafu ya mji, ambayo yangepelekwa baharini. Wanafunzi wagawe kwa ndoo za lita 20: watapata ndoo 2,375,000. Wanunuzi walikuwa kiwanda cha karatasi cha Mondi na kiwanda cha kusafishia mafuta cha SAPREF. Maji yalisafishwa kwa bakteria, chumvi ya alumini, mchanga, ozoni, mkaa maalumu na klorini. Utando wa kuzuia chumvi haukutumika, kwa kuwa kazi ya karatasi haikuudai. Iliyodai ni maji yasiyo na rangi wala chuma cha kutia waa.

Singapore nayo ilianzisha mwaka 2003 maji yaitwayo NEWater, yatokanayo pia na maji machafu. Huko utando ulitumika, kwa sababu viwanda vya vifaa vya elektroniki vinahitaji maji yasiyo na chumvi. Mwanafunzi arejee sasa kwenye swali la pili ubaoni, naye ataona kwa nini njia zilitofautiana. Aone pia faida yenyewe: kila ndoo ambayo kiwanda hakikuichukua katika maji mazuri imebaki kwa ajili ya watu.

Kupima kama somo limeeleweka

Tunashauri mwalimu asiridhike na wimbo wa darasa zima kwamba maji ni uhai. Aweke mezani glasi ya maji maangavu na aulize: je, yanafaa? Mwanafunzi akijibu ndiyo au hapana moja kwa moja, somo halijamwingia. Mwanafunzi aliyeelewa atauliza kwanza yametoka wapi, yamechukua nini, na yanatakiwa kwa kazi gani. Mtoto mwenye mazoea hayo hatadanganywa na mfereji unaong'aa nyuma ya kiwanda, wala hataona haja ya kuosha sakafu kwa maji ya kunywa.