Binti amechaguliwa kusoma masuala ya jinsia: Wazazi tuulize kabla ya kukataa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na udahili wa vyuo vikuu kufunguliwa, sisi wa kamati ya msikiti hapa Chato huwapokea wazazi wanaotafuta ushauri. Aghalabu maswali yao huhusu ada, mkopo na mahali pa kulala. Lakini lipo swali moja ambalo mzazi huliuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi huwa ameshajijibu: binti amechaguliwa kusoma masuala ya wanawake na jinsia, je, inafaa aende?

Hofu ya mzazi huyo ina chimbuko. Amelisikia neno "jinsia" likitajwa pamoja na mambo ambayo sheria ya Allah (SW) imeyaharamisha. Amesikia pia kuwa masomo hayo humfundisha mke kumdharau mume. Nasi hatutadai kuwa kila nadharia inayofundishwa vyuoni inaafikiana na Uislamu, kwa sababu zipo zisizoafikiana nao. Hata hivyo, Qur'ani katika Sura Al-Israa, aya ya 36, inatukataza kuyafuata tusiyoyajua, na inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Kumzuia mtoto kusoma kwa sababu ya neno tusilolijua maana yake ni uamuzi ambao nao tutaulizwa. Kwa hiyo tulitazame kwanza jambo lenyewe.

Jinsi na jinsia

Wataalamu hutenganisha maneno mawili. Jinsi ni maumbile: Allah (SW) ameumba mume na mke, na mwanamke ndiye anayebeba mimba na kunyonyesha. Jinsia ni kazi, mipaka na matarajio ambayo jamii humpa mtu kwa sababu ya jinsi yake, na hayo hutofautiana kutoka kabila hadi kabila na zama hadi zama.

Mfano tunao hapa hapa katika machimbo ya dhahabu. Wapo wachimbaji wanaoamini kuwa mwanamke akishuka katika duara, au akikaribia akiwa katika siku zake, dhahabu hupotea. Imani hiyo haina aya wala hadithi. Ni ada ya watu, na athari yake ni kuwa mwanamke hubaki juu ya ardhi akiponda mawe, akiosha mchanga na kupika chakula, wakati fungu kubwa la mali huwaendea wenye maduara. Mwanafunzi wa jinsia huuliza: ada hii ilitoka wapi, inamnufaisha nani, na inamdhuru nani? Muislamu anayetofautisha dini na ada za mababu hapaswi kuliogopa swali hilo.

Swali moja, milango mingi

Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianzisha idara ya masomo ya wanawake mwaka 1991. Dar es Salaam nako wanazuoni wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kukusanya tafiti na kumbukumbu za wanawake katika miaka ya 1980, na leo chuo kikuu hicho kina taasisi yake ya masomo ya jinsia. Lakini masuala haya hayakufungiwa katika idara moja. Humo huingia mwanasheria, daktari, mwanahistoria, mchumi na mtaalamu wa mazingira, kila mmoja na vipimo vyake.

Tuchukue msiba ambao kanda yetu inaujua vizuri. Kwa miongo mingi vikongwe wa Shinyanga, Geita na Mwanza wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao ni wanawake. Daktari ataeleza kuwa macho mekundu yanayofanywa kuwa ushahidi wa uchawi husababishwa na moshi wa kuni na samadi ambao bibi ameuvuta jikoni maisha yake yote. Mtaalamu wa sheria za ardhi ataonesha kuwa nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo kuna shamba au urithi ambao mtu anautaka. Mwanahistoria atatukumbusha kuwa sheria ya uchawi iliyowekwa na Waingereza mwaka 1928 ilikuwapo muda wote huo, na mauaji hayakukoma. Mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, aliyachunguza mauaji haya katika Usukuma, na kazi yake ya uzamivu ya mwaka 1993 bado hurejewa na watafiti. Hakuna elimu moja iliyotosha kulieleza jambo hili. Na sisi tunaojua uzito wa kuitoa roho isiyo na hatia tuna haja gani ya kuichukia elimu inayotafuta namna ya kuwalinda bibi zetu?

Mfano wa pili ni zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga ili inase dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huvutwa na kila aliye karibu. Wakati mwingine kazi hiyo hufanyika nyumbani, jikoni, penye mama mjamzito na watoto. Huko Minamata, nchini Japani, ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa mwaka 1956. Sumu ile iliwafikia watu kupitia samaki, na madaktari walikuta watoto waliozaliwa na ulemavu mzito ilhali mama zao walionekana karibu wazima. Tangu hapo dunia ikajua kuwa mimba ni njia ya sumu, na mwaka 2013 mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ukapewa jina la mji huo. Tanzania nayo imeuridhia. Kwa hiyo binti wa kemia au afya ya jamii atakayeuliza ni nani katika familia anayeichoma zebaki, wapi, na nani amekaa karibu naye, anasoma jinsia hata kama shahada yake haina neno hilo.

Urithi na mahari

Upande wa sheria, Mahakama Kuu mjini Mwanza ilitoa hukumu mashuhuri mwaka 1990. Mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia aliliuza, na ndugu wa ukoo akadai kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya aliikataa mila hiyo kwa kuwa inapingana na haki za usawa zilizomo katika Katiba. Hukumu hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, na chimbuko lake ni majirani zetu wa Kagera, mkoa ambao Chato ilikuwa sehemu yake kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012.

Hapa Muislamu ana la kusema, tena kwa fahari na kwa aibu. Fahari ni kuwa Sura An-Nisaa, aya ya 7, ilithibitisha karne 14 zilizopita kuwa wanawake wana fungu katika yaliyoachwa na wazazi na jamaa, yawe machache au mengi. Aya ya 4 ya sura hiyo inaamuru wanawake wapewe mahari yao, nayo ni mali yao. Aibu ni kuwa zipo nyumba za Kiislamu katika vijiji vyetu ambamo binti harithi hata robo eka, na mahari huhesabiwa kwa ng'ombe wanaoingia katika zizi la baba.

Tunajua kuwa darasani binti yetu ataulizwa kwa nini fungu lake ni nusu ya la kaka yake. Jibu lipo katika vitabu vya mirathi: kaka amebebeshwa mahari na matunzo ya mke, watoto na wazazi, naye binti hakubebeshwa, na zipo hali ambazo mwanamke hurithi sawa na mwanamume au zaidi yake. Lakini jibu hilo atalitoaje kwa ujasiri, ilhali anajua kuwa nyumbani kwao shangazi yake hakupewa hiyo nusu? Kabla ya kuitetea nusu mbele ya wahadhiri, tuitekeleze mbele ya mabinti zetu.

Nani ataandika habari za mama zetu?

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alishika uongozi wa tawi la wanawake la TANU. Alikuwa Muislamu wa Dar es Salaam, na kupitia vikundi vya ngoma na mitandao ya kinamama aliwaingiza wanawake wengi katika harakati za uhuru. Aliyekaa na wanawake wale, akawasikiliza na kuandika kitabu kizima juu yao mwaka 1997, ni Susan Geiger. Habari za wanawake wa Kiislamu wa Mombasa tangu mwaka 1890 ziliandikwa na Margaret Strobel, mwaka 1979. Naye Susan Hirsch, katika kitabu cha mwaka 1998, alieleza alichokiona katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya: kinamama wanaodhaniwa kuwa wanyonge ndio waliokuwa wakipeleka mashauri kwa wingi, na mara nyingi walipata haki yao.

Wote watatu ni wanazuoni kutoka Marekani. Tunawashukuru kwa kazi yao. Lakini je, tutangoja mgeni mwingine aje aandike habari za mama wa Kiislamu anayekausha dagaa katika mwalo hapa Chato, au anayeuza chakula machimboni huku akisomesha watoto watano? Binti aliyelelewa na mama huyo angeyaona ambayo mgeni hayaoni.

Wala jambo hili si geni katika Uislamu. Bibi Aisha (RA) amepokewa hadithi zaidi ya elfu mbili. Sura Al-Mujadila ilianza kushuka kwa sababu ya mwanamke, Khawla bint Tha'laba (RA), aliyepeleka malalamiko yake kwa Mtume (SAW) kuhusu mumewe. Imam as-Sakhawi, katika kamusi yake ya watu mashuhuri wa karne ya tisa Hijria, alitenga juzuu nzima kwa wanawake zaidi ya elfu moja. Na mwaka 2021 Sheikh Muhammad Akram Nadwi alichapisha juzuu 43 juu ya wanawake waliopokea na kufundisha hadithi. Kuchunguza hali na mchango wa wanawake ni kazi waliyoifanya maulamaa wetu.

Ushauri wetu kwa wazazi

Kwanza, mzazi aombe orodha ya masomo ya kozi aisome pamoja na binti yake, wala asihukumu kwa jina la shahada. Pili, binti asiende na elimu ya dini ya darasa la nne akakutane na nadharia za chuo kikuu. Apewe misingi ya tauhidi, fiqhi ya ndoa na mirathi, na awe na ustadhi au ustadha wa kumpigia anapotatizwa. Tatu, ajiunge na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu chuoni kwake tangu wiki ya kwanza. Nne, azoee kutenganisha utafiti uliothibitishwa na maoni ya mwandishi; kujibu mtihani kuhusu nadharia fulani si kuiamini.

Tano, tufikirie kazi atakayoifanya. Wapo wahitimu wa masomo haya wanaofanya kazi ya maafisa maendeleo ya jamii katika halmashauri zetu. Mama wa Kiislamu aliyepigwa na mumewe, anapofika katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kisha kwa maafisa hao, angependa kukutana na mtu anayeielewa sheria ya nchi na pia anaielewa talaka, eda na nafaka. Tukiwazuia mabinti zetu wote, viti hivyo havitabaki wazi. Vitakaliwa na wengine, nasi tutalalamika kuwa hatueleweki.

Mzazi anayo haki ya kusema hapana. Tunachomuomba ni aseme baada ya kuuliza, na binti asikilizwe kabla muda wa kuthibitisha nafasi yake haujapita. Tunamuomba Allah (SW) awape mabinti zetu elimu yenye manufaa, ayahifadhi maadili yao, na atujaalie sisi wazazi tuwe wa kwanza kuwapa haki walizopewa na dini yao. Amin.