Dima ya waifai ilivyotaka kutuletea msiba Mtanda

Leo tuweke pembeni siasa na mpira, naomba niwape shule ya umeme. Hii shule nimeilipia ada kubwa: bimkubwa wangu nusura anaswe na umeme kwa sababu ya kiherehere changu cha kutaka kuwasha taa kwa simu.

Nyumbani ni Mtanda, hapa hapa Lindi mjini. Nilinunua Kariakoo dima ya waifai nikaja nayo kwa mbwembwe zote. Kwa asiyejua, dima ni swichi inayopunguza na kuongeza mwanga wa taa. Ile ndogo ya kufunga ukutani ilibuniwa na Mmarekani Joel Spira mwaka 1959. Haibani umeme kama unavyobana koki ya maji. Inakata na kurudisha. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, yaani nusu mizunguko 100. Dima inakata kipande cha kila nusu, na jicho haliwahi kuona, linaona mwanga umepungua tu.

Sasa ikikusumbua, usikimbilie kubomoa ukuta. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, balbu. Yangu nikiishusha ilikuwa inapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Balbu nyingi za LED za madukani hazikutengenezwa kwa ajili ya dima, soma boksi lake kabla hujalipa. Halafu dima nyingi zina kiwango cha chini cha wati, na LED moja ya wati 5 inaweza isifike. Jaribio ni rahisi. Azima balbu ya zamani ya wati 60, ile wafugaji wanayopashia vifaranga joto. Zima meni swichi, ibadilishe, washa tena. Ikipungua taratibu bila kupepesa, dima yako nzima, tatizo ni LED.

Na jamani, najua joto letu: usifunge feni kwenye dima ya taa. Mota itaunguruma, itapata moto, utapoteza vyote viwili.

Pili, mtandao. Ukibonyeza ukutani taa inawaka, ila simu inakwambia kifaa hakipo, basi waya hazina kosa. Vifaa vingi vya aina hii vinashika gigahezi 2.4 tu. Ruta ikiwa inatoa 5 peke yake utasubiri mpaka kesho. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, washa 2.4, unganisha upya.

Tatu, waya. Hapa ndipo pabaya. Swichi ya kawaida inatumia waya mbili tu: mmoja unaleta umeme, mwingine unaupeleka kwenye taa. Dima ya waifai lazima ikae macho muda wote hata taa ikiwa imezimwa, la sivyo haitasikia simu. Ndiyo maana nyingi zinadai na nyutro. Nyumba zetu nyingi nyutro inaishia juu darini kwenye taa, haishuki kwenye swichi. Na rangi zisikudanganye: ukikuta waya mweusi kwenye boksi la swichi usidhani ni nyutro, mara nyingi ni ule unaopeleka umeme kwenye taa. Ukiwasha, una moto kamili.

Fundi wangu aliikosa nyutro. Akafanyaje? Akachukua waya wa kijani, ethi, akaufanya nyutro. Dima ikawaka fasta, nikamlipa na soda juu.

Wiki mbili baadaye bimkubwa ananiita jikoni: "Mwanangu, hili friji mbona linanitekenya mkono?" Nikacheka. Nikaligusa mwenyewe nikiwa peku kwenye sakafu yenye maji, kicheko kikaishia hapo hapo.

Kilichotokea ni hiki. Ule umeme mdogo unaolisha dima ulikuwa unarudi kupitia ethi, na ethi ya nyumba nzima ni moja, imeshikana na bodi la friji, pasi na jiko. Ingekuwa nzima, umeme ungeshuka ardhini. Lakini klampu ya nondo ya ethi kule nje ilishaliwa na kutu, si mnaijua chumvi ya bahari yetu! Umeme ukakosa pa kushukia, ukabaki kwenye bati la friji unamsubiri mtu. Huo ulikuwa wa kutekenya tu. Dima ingepiga shoti kwa ndani, ungekuja mzigo mzima, na leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Tulizima meni swichi siku ileile. Fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, akavuta nyutro ya kweli kutoka kwenye taa mpaka kwenye boksi, akabadilisha klampu, akapima ethi. Nikanunua LED iliyoandikwa inakubali dima. Hata kupepesa kumeisha. Kama kuvuta waya mpya ni shughuli, zipo dima zisizohitaji nyutro, uliza hizo dukani kabla ya kununua.

Kwa hiyo mdau, fundi akikwambia "tutatumia ethi, hamna noma", msimamishe kazi hapo hapo. Muulize leseni yake. Na kama unaishi karibu na bahari kuanzia Kilwa mpaka huku kwetu, leo ukitoka kafe pitia nyuma ya nyumba ukaitazame ile klampu ya ethi kwa macho, usiiguse. Ukiona kutu, ita fundi.

Waliowahi kutekenywa na friji au pasi, semeni hapo chini ilikuwaje na mlitatuaje. Tusaidiane.